Skrini Mpya ya Shangazi

Skrini ile niliinunua kwa hasira. Muuzaji aliniwekea picha ya kasuku, akawa ananionyesha unyoya mmoja mmoja, nami badala ya kuuliza maswali ya maana nikawa nawaza makosa yaliyotoka dukani kwetu mwezi ule. Jina la marehemu limekosewa. Barua ya wakili ina aya ile ile mara mbili. Yote yamepita mikononi mwa shangazi, mtu ambaye zamani kosa lilikuwa halimpiti hata akisoma huku anaongea. Nikajiambia tatizo ni ile skrini yake ya zamani, maana sababu nyingine sikutaka kuitaja hata moyoni. Nikalipa huku roho inaniuma.

Duka letu ni chumba kimoja: meza mbili, mashine ya kopi, printa na benchi la wateja. Shangazi ndiye aliyelianzisha, na ndiye aliyenifundisha kuchapa, akinigonga vidole kwa rula kila nikichungulia kibodi. Siku hizi naliendesha mimi, na ndugu zetu walishaanza kuninong'oneza kwamba mama huyu akapumzike nyumbani. Niliwajibu vibaya, lakini maneno yao hayakunitoka kichwani.

"Hii ya nini?" aliuliza nilipofungua boksi.

"Herufi zinaonekana safi zaidi. Hebu mwone kasuku huyu."

"Kasuku hatumchapi. Barua ni barua tu, mwanangu. Umepigwa."

Kesho yake nilitoka kwenda kununua karatasi. Niliporudi nilimkuta baba wa bibi harusi mmoja amesimama katikati ya duka, kadi za mwaliko mkononi.

"Binti," aliniambia, "mwanangu anaolewa au anagombea ubunge?"

Majina ya maharusi yalijaza kadi nzima. Mahali pa sherehe palikuwa kwenye kadi ya pili. Saa ilikuwa kwenye ya tatu, peke yake.

"Yaani kila mgeni nimpe kadi tatu?"

Niliomba radhi mpaka mdomo ukanikauka, nikamwahidi nyingine kabla ya jioni, nikafunga mlango. Niligeuka nimepandwa na mori, maneno yameshajipanga ulimini. Shangazi alikuwa ameketi, mikono mapajani, anatazama sakafu. Hasira ikaniishia hapo hapo.

Nilikaa kwenye kiti chake. Skrini za aina hii hubana mambo mengi mahali padogo, na usipozirekebisha, maandishi huwa madogo sana. Ili asome, alikuwa amezikuza herufi za kadi yenyewe, akazichapa zilivyo. Mtu anayeona angeshtuka kadi ya kwanza ilipotoka tu. Yeye alizipanga vizuri, akazifunga kwa mpira.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu mwaka jana. Nakisia. Neno nalijua kwa urefu wake, na kazi zenyewe zinafanana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenionea huruma."

"Mimi? Mimi sina huruma, muulize mteja yeyote."

Alicheka kidogo, kisha akalia. Nami nikalia, sioni haya kusema.

Tulipotulia, niliingia kwenye mipangilio nikakuza kila kitu, kwanza skrini mpya, halafu ile ya zamani, nikaziweka sambamba. Akawa anahama kutoka hii kwenda ile.

"Hii mpya herufi zake zimenyooka, sikatai," alisema. "Lakini ninachokisoma hapa, pale nakisoma pia. Na nisichokiona hapa, hata pale sikioni. Ukungu nimekuja nao mwenyewe."

Anayeshinda na picha labda ataona faida yake. Sisi wa barua na kadi, ile ya zamani ingetutosha kabisa, na kuikuza kusingetugharimu chochote. Kadi za yule baba wa bibi harusi nilizimaliza mimi mwenyewe, shangazi akazikunja kwa vidole vyake ambavyo bado havikosei.

Asubuhi tulikwenda kwa daktari wa macho. Duka tulilifunga, jambo ambalo shangazi alilinung'unikia njia nzima. Karibu na mlango wa zahanati alisimama.

"Nijibu bila kunibembeleza. Yakionekana hayatengenezeki, kiti changu utampa nani?"

"Simpi mtu. Nitakuwa nakusomea kila kazi, wewe utanisahihisha kwa masikio."

Aligeuza uso akatazama barabara. Nilidhani nimemuudhi. Kisha akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, tukaanza kupanda ngazi.

"Basi usome polepole," alisema. "Wewe huwa unaruka koma."