Kigari Kilicholalia Ubavu

Bonde la Lambwe lina asubuhi zake ambazo mtu hawezi kuapa kama aliziona au aliziota. Ukungu hutoka upande wa ziwa, ukatambaa hadi kwenye mabega ya milima ya Gwassi, na nyasi ndefu zikabaki zimesimama ndani ya weupe bila kutikisika. Asubuhi ya namna hiyo, mwaka wa tisini na sita, Benta alikuwa akiendesha kigari cha mradi wa mbung'o. Kando yake aliketi Mochama, mtaalamu wa wadudu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mitego.

Mitego yenyewe ilikuwa vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyoshonwa mfano wa vyandarua vidogo, vikatundikwa kwenye vijiti porini. Mbung'o huipenda buluu kuliko rangi yoyote. Chini ya kila mtego huwekwa chupa ya mkojo wa ng'ombe, maana harufu yake huwaita kutoka mbali. Watu wa bonde walikuwa wamezika jamaa zao kwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na unaomlaza mtu mchana kweupe mpaka akasahau kuamka. Kwa hiyo kigari kile kilipopita walikipungia mkono kama vile kimebeba mgeni wa heshima.

Kilikuwa kigari kifupi, chembamba, chenye viti viwili, paa la turubai na kibebeo wazi nyuma. Magurudumu yake yalikuwa makubwa kuliko umbo lake. Kilipanda mawe na mabonde ambayo hata ng'ombe waliyazunguka, na watoto wakakibandika jina la Diel, yaani mbuzi kwa Kijaluo. Benta alikipenda. Yeye alijifunzia udereva kwenye trekta ya miwa, na baada ya trekta aliona Diel ni mwepesi kama wazo.

Mtego wa mwisho siku hiyo ulikuwa ubavuni mwa kilima. Njia ilizunguka mbali, lakini mtu angeweza kukata moja kwa moja akipita mteremko kwa upande. Mochama akasema wakate. Benta akautazama mteremko, akakumbuka kwamba walishaupita mara nyingi, akageuza usukani. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba siku nyingine zote walipita wakirudi, mizigo imekwisha. Leo pipa la mkojo wa ng'ombe lilikuwa limesimama nyuma, limejaa nusu.

Gurudumu la upande wa juu likapanda kichuguu kilichofichwa na nyasi. Halikupanda kwa kishindo. Lilinyanyuka taratibu, na nyuma yake Benta akasikia mkojo ukihama ndani ya pipa, mlio mzito wa mtu anayejigeuza kitandani katika chumba cha pili. Kigari kikaegemea. Alikuwa na muda wa kuona mambo mengi: tone la umande kwenye kioo likitiririka kuelekea kushoto, kofia ya Mochama ikimtoka kichwani bila haraka, nyasi zikiinuka kuja kuwalaki. Aliwaza, kwa utulivu uliomshangaza hata baadaye, kwamba bado kuna nafasi ya kurudi. Kisha nafasi ikapita.

Mochama alikuwa upande wa bondeni, hakufunga mkanda. Hakuufunga kamwe, kwa sababu alishuka na kupanda kwenye kila mtego na mkanda ulimchosha. Ardhi ilipomkaribia akatoa mkono nje, kama mtu anayezuia mlango usifungwe na upepo. Kigari kikaulalia.

Halafu kimya. Benta alijikuta ananing'inia juu ya mwenzake, amebanwa na mkanda kifuani, nywele zake zikielekea chini kwa Mochama. Alimwona amefumbua macho. Vitambaa vya buluu vilikuwa vimemwagika kwenye mteremko wote, vimetandazwa kama nguo za kuanikwa, na tayari mbung'o mmoja mmoja walikuwa wakija kutua juu ya vitambaa hivyo.

“Nyar Rusinga,” Mochama akamwita, yaani binti wa Rusinga, jina alilopenda kumwita kwa sababu Benta alizaliwa kisiwani humo. “Usishuke juu yangu.”

Benta alifungua mkanda wake huku ameshika usukani, akatokea upande uliokuwa sasa juu, akapiga mayowe. Wachungaji wakaja kutoka ndani ya ukungu, wakakinyanyua kigari kwa mabega yao, na lori la mchanga likampeleka Mochama hospitalini Homa Bay. Madaktari walifanya walichoweza. Mkono wa kushoto wakaukata chini ya kiwiko.

Ofisi ya mradi ilikuwa Suna, mjini Migori. Mkuu wake, Madam Edith, hakumgombeza Benta. Alimpa likizo, akaandika katika taarifa yake kwamba njia ilikuwa mbaya. Diel akapelekwa kwa fundi Nyabuto anyooshwe na kupakwa rangi. Mkaguzi wa magari akaja, akapima breki, taa na magurudumu, akaridhika, akagonga muhuri. Ikaamuliwa kigari kihamishiwe Mbita, kikabidhiwe kwa dereva mgeni anayeitwa Oliver.

Benta likizoni hakupumzika. Akikaa kusubiri chai, sakafu ilimwinamia polepole. Akitembea sokoni, vibanda vya upande mmoja vilinyanyuka kidogo, na alisikia nyuma yake kile kioevu kikijigeuza. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Siku moja akaoga, akabeba kilo ya sukari, akaenda Uriri, ambako Mochama alikuwa amepanga nyumba na mkewe Bosibori.

Bosibori alimkaribisha, akampa kiti na uji, kisha akatoka kwenda kuchambua mboga mahali ambapo angeweza kusikia. Mochama alikaa dirishani. Mkono uliobaki ulikuwa umelala kwenye goti, na ule usiokuwepo ulikuwa umefunikwa na leso. Benta alianza kuomba msamaha, naye akamkatiza.

“Mimi ndiye niliyesema tukate,” Mochama akamwambia. “Wewe ndiye uliyeshika usukani. Tukianza kugawana lawama, tutagawana hadi lini?”

Uji ukapoa mikononi mwa Benta.

“Lakini kuna jambo moja linanisumbua,” Mochama akaendelea. “Kile kigari kilianguka polepole mno. Na kitu kinachoanguka polepole kinaweza kupimwa.”

Benta aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, sakafu ilitulia.

Walikwenda pamoja kwa Madam Edith. Benta alimwambia kwamba hataki kigari kiende Mbita kabla haijajulikana kinaweza kuegemea kiasi gani. Edith akawakumbusha muhuri wa mkaguzi. Mochama akasema, kwa upole, kwamba mkaguzi alikagua gari la barabarani, na wao hawafanyi kazi barabarani. Edith akatoa kijitabu kilichokuja na kigari, akakipekua chote mbele yao. Kilieleza namna ya kubadilisha mafuta na kuosha viti. Juu ya kuinama hakikuwa na neno, ila picha ya mwanamume anayetabasamu akiendesha kwenye uwanja tambarare. Edith aliitazama picha hiyo kwa muda, akafunga kijitabu, akawaambia atakuwepo siku ya kupima.

Walipimia kwa Nyabuto, kwenye ule mnyororo wake wa kuinulia injini. Magurudumu ya upande mmoja yalibaki chini. Ya upande wa pili yakafungwa mnyororo yanyanyuliwe. Magunia ya mchanga yakaketishwa vitini mahali pa watu, na kamba nene zikafungwa zilegee kidogo, ili kigari kikitaka kwenda chenyewe kisifike mbali. Mochama akatundika uzi wenye nati mbele ya ubao uliofungwa kwenye kigari, aandike kwa chaki pale utakapoelekea.

Kwanza bila pipa. Nyabuto akavuta mnyororo, Diel akaanza kuinama, tena kwa ule upole ambao Benta aliujua mwilini mwake. Akajishikilia kwenye mlango wa karakana. Kigari kiliinama, kikaendelea kuinama, mpaka ungedhani kimesinzia, na ndipo mnyororo ukalegea: hapo hakikuvutwa tena na mtu, kilikuwa kinakwenda chenyewe. Kamba zikakidaka. Mochama akachora alama.

Kisha wakapakia pipa lililojaa maji nusu. Nyabuto akavuta. Hakuwa amevuta sana maji yalipokimbilia upande wa chini kwa sauti ileile, na mnyororo ukalegea papo hapo. Alama ya pili ilibaki nyuma sana ya ile ya kwanza, umbali ambao hata mtu asiyejua kusoma angeuelewa.

“Hiki ndicho tulichokuwa tunaendesha?” Edith akauliza.

“Hiki ndicho, Madam,” Benta akajibu.

Juma lililofuata walikwenda na ule ubao Lambwe, wakausimamisha ubavuni mwa kilima, waone uzi utaangukia wapi kati ya zile alama. Mteremko wenyewe ulikuwa salama kwa kigari kitupu. Kwa kigari chenye pipa haukuwa salama hata bila kichuguu. Benta alikaa kwenye nyasi akalia, na Mochama akakaa kando yake akitazama ziwa, hakumkataza.

Edith alisimamisha vigari vyote vya mradi. Nyabuto akakunja mabomba mazito ya chuma, akayachomelea yapite juu ya viti kama upinde, yashikane na fremu, ili kigari kikipinduka chuma kibebe uzito badala ya vichwa. Mikanda ikawa lazima kwa wote wawili, hata kwa anayeshuka kila mtego. Milangoni wakafunga wavu wa kamba za kuvulia, mkono usipate njia ya kutoka. Pipa likaondolewa, mkojo ukagawanywa katika jerikani ndogo zilizojazwa hadi shingoni na kufungwa sakafuni. Na likatolewa agizo: mlimani tunapanda wima na kushuka wima, hatupiti kwa upande; pasipowezekana, tunatembea. Mkaguzi aliitwa aone. Alivutiwa, ila hakuwa na kifungu cha kuandikia vitu hivyo. Akaahidi kuuliza Nairobi. Nairobi ilichelewa kujibu, na mradi haukungoja.

Wakati wa mvua ndefu, upande wa Gwassi, ukingo wa njia ulimong'onyoka chini ya Oliver na kigari kikabiringika kuelekea kijitoni. Ule upinde wa chuma ulijikita kwenye udongo ukakizuia. Oliver alitoka na michubuko, akatembea hadi Mbita akidai chai. Habari ilipofika Suna, Edith alifunga mlango wa ofisi yake kwa muda mrefu.

Benta alirudi kazini mwezi huohuo. Asubuhi ya kwanza Mochama alimkuta ameshawasha injini. Akapanda, akauvuta mkanda kwa mkono wake mmoja, akaubana kwa goti, akahangaika nao. Benta alitaka kumsaidia, akajizuia, akatazama mbele mpaka aliposikia umeshika.

Bonde lilikuwa limejaa ukungu tena. Swala wawili walisimama njiani, wakayeyuka. Kwenye kilima kile Benta hakukata. Alifuata njia ndefu ya kuzunguka, akienda pole, huku mitego ya buluu ikijitokeza mmoja baada ya mwingine na kufifia. Alikuwa na neno la kumwambia Mochama, neno alilolibeba tangu Uriri. Alipogeuka kulisema, akamkuta amelala fofofo, kichwa kimeegemea upinde wa chuma, mdomo wazi kidogo. Benta akapunguza mwendo zaidi, asimwamshe.