Tundu la Kidole

Mama alikuwa akitoboa kidani cha rezini, ile gundi ya kumimina inayokauka ngumu kama kioo, kwenye meza ya jikoni, ubao chini yake, drili ndogo ikizunguka polepole, aliposikia sauti ya binti yake ikitoka tunduni.

"Mama, punguza kidogo. Vumbi linaniingia machoni."

Mama alizima drili, akapuliza tundu, akachungulia. Upande wa pili palikuwa na sinki ya mwajiri wa binti yake, ng'ambo huko, na binti mwenyewe akisugua sufuria. Alikuwa amekonda. Mama aliitikia shikamoo yake, akamuuliza kama amekula.

"Nitakula wao wakishalala. Ubao unaweka chini?"

"Naweka."

"Na mwishoni usikandamize. Ukikandamiza inapasuka."

Binti ndiye aliyeianzisha kazi ya vidani, akamfundisha mama yake kabla ya kwenda kufanya kazi za ndani. Mkataba wake ulikwisha zamani. Simu alinyang'anywa, pasipoti imefichwa, na mlango wa jikoni hufungwa kwa nje. Hayo yote mama aliyasikia siku hiyo, tunduni.

Tangu hapo kila tundu lililotoka safi lilionyesha mle jikoni kwa mwajiri. Lenye ufa halikuonyesha kitu, na likishapitishwa uzi lilijifumba. Jirani, fundi cherehani, alikuja kuazima mkasi, akachungulia kwenye hereni.

"Bado yuko kwenye vyombo," alisema. "Pole na kazi, mwanangu." Akaondoka na mkasi, ambao mpaka leo haujarudi.

Mama alimwita wakala aliyempeleka binti. Wakala alifumba jicho moja, akatazama kwa makini, maana ni mtu wa makini.

"Mbona amependeza," alisema. "Mama, mwajiri asiporidhia kumwachia, mimi nitafanya nini? Vumilia." Akamchagulia mkewe hereni za bluu, akaaga kwa adabu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kuona hakushibishi. Mama alimtaka mwanawe, amshike. Alimimina rezini kwenye sinia, akaiacha ikauke kabisa, kisha akaazima kwa seremala ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, wa kutobolea milango ili kutia vitasa. Mkono ukipita, alisema moyoni, kichwa kitatafutiwa njia.

"Taratibu, mama," binti alisema kutoka kwenye kidani kilichokuwa kando.

Mama alikwenda taratibu. Alitia maji, akainua drili ili rezini ipoe, akaendelea. Ilipobaki utando mwembamba tu, aliuona mkono wa mwanawe umenyooshwa ng'ambo ya utando, vidole vimekunjamana kwa maji. Akakandamiza.

Rezini ilipasuka mpaka ukingoni, na mkono haukuonekana tena.

"Si nilikwambia?" binti alisema kutoka kidanini.

"Uliniambia, mwanangu. Niliuona mkono wako."

Binti alirudi kwenye sufuria. Maji ya bomba yalisikika yakimwagika muda mrefu.

Jioni mama alitoboa pete. Aliweka ubao, akaenda polepole, na mwishoni hakukandamiza. Tundu lilitoka safi. Aliingiza kidole, lakini ncha yake haikutokea upande wa pili wa pete. Huko ilikokwenda ilishikwa na kiganja chenye maji, kikaibana kwa nguvu.

Walikaa hivyo mpaka mwajiri alipoita na ufunguo ukasikika ukizungushwa kwa nje. Kiganja kikaachia.

Kidole kilirudi na povu. Mama hakukifuta.