Tundu Pembeni Yangu

Picha hii tulipigwa mbele ya ofisi ya kampuni ya chai, mtaa wa Twatutia, mwaka 1952. Tuko wanane, kila mtu kakauka kama anasubiri sindano. Mimi ni yule mwenye nywele zilizounguzwa saluni. Pembeni yangu, mahali pa kichwa cha Bun-hiong, mtunza majalada, pana tundu.

Alichukuliwa na watu wa usalama Jumatatu, chai yake ingali inafuka mezani. Hakuna aliyeuliza. Jioni ile nilishika mkasi nikamkata kichwa, maana siku hizo ukikutwa na picha ya aliyechukuliwa, unamfuata.

Kumbe nilijitia kitanzi mwenyewe. Alhamisi akaja bwana wa usalama, mpole kama daktari wa meno.

"Kesho kila mtu aniletee nakala yake ya picha ya ofisi."

Dada Giok, mpiga chapa mwenzangu, akanivutia chooni. "We Hun, yako nzima?"

"Nzima kama meno ya bibi yako."

"Mama yangu! Na yangu hivyo hivyo. Atauliza tulijuaje kosa lake kabla ya kuambiwa!"

"Basi tutakwenda wawili. Njiani utanibebea mzigo."

"Usinichekeshe, nitajikojolea."

Ijumaa tukaziweka mezani, kifudifudi. Bwana yule akazigeuza moja moja. Tundu. Tundu. Tundu. Sita zote! Utadhani mkasi mmoja ulipita nyumba kwa nyumba. Nilisikia meno yakigongana, nikadhani ni ya Giok, yalikuwa yangu.

Ya saba ilikuwa ya Khu, karani wa forodha. Nzima. Bun-hiong anatabasamu.

Tukamtazama Khu, Khu akatazama viatu vyake. Katika ofisi nzima, ni yeye tu ambaye hakuwa na la kuogopa. Bwana yule akatuona tulivyoelewa. Akaturudishia picha zetu taratibu.

"Mna mikono mizuri," akasema. "Tunzeni na midomo."

Akaondoka. Khu akabaki. Miaka kumi na tisa nilimmiminia chai kila asubuhi, nikacheka vichekesho vyake, hasa vibovu.

Bun-hiong hakurudi. Kichwa chake sikukichoma. Nilikificha ndani ya kopo la sindano za kushonea. Mwezi uliopita tulimzika Khu, na leo nimekoroga gundi ya wali nimrudishe mwenzangu mahali pake. Ni mchana kweupe, naishi peke yangu, nina miaka themanini na sita.

Hata hivyo, kabla ya kupaka gundi, nimeinuka kwanza nikafunga mapazia.