Waya wa Kwenda Kericho

Miaka hiyo, posta ya Tarime ilikuwa na dirisha moja tu, na asubuhi ile ya mwaka 1956 Teresia alisimama mbele yake, kanga yake ikichuruzika mvua, akizungumza bila kupumzika. Mumewe, Magige, alikuwa hoi kitandani. Mwana wao, Nyangwine, alikuwa Kericho akichuma chai, tangu baba yake alipomfukuza kwa kumkataa binti aliyechaguliwa na wazee. Sasa mzee alikuwa amemsamehe, na usingizini alikuwa akimwita.

Stanslaus, karani wa simu za maandishi, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mama, waya haubebi yote hayo. Tunaacha kila ambacho anayepokea anakijua tayari.” Akaandika, akamsomea: “Baba mgonjwa. Njoo.”

“Hatakuja, mwanangu. Aliambiwa asikanyage mji wa baba yake hata kwa msiba.”

Teresia akageuka kuitazama mvua. Alikuwa akiiona masika moja ya zamani, jiko limejaa moshi, na Nyangwine mdogo amemkumbatia ndama aliyezaliwa dhaifu, ambaye Magige alikuwa ameamuru atupwe. Kulipokucha ndama alikuwa amesimama. Magige, mtu asiyejua kukiri kosa, alitoka nje akawatangazia majirani huku akicheka: “Mtoto kanishinda!” Kicheko kile hakikusikika tena nyumbani mwao.

“Andika hivi: Baba anasema ndama amesimama.”

“Basi? Na ugonjwa?”

“Akisikia baba yake ametamka hivyo, atajua hali ilivyo.”

Stanslaus aliyagonga maneno yale herufi kwa herufi. Habari za vifo na ndoa za watu zilikuwa zimepita mkononi mwake, na zote alizielewa. Hii ilipita ikiwa imefungwa. Akajikuta akimkumbuka mama yake kule Issenye, na vineno vyao viwili vitatu ambavyo hakuna mwingine duniani angevifungua.

Jumamosi, Nyangwine aliinama mlangoni mwa nyumba ya baba yake, viatu vikiwa mkononi, matope hadi magotini. Njiani kote alikuwa akijiandaa kusema mengi.

“Shikamoo, baba.”

Mzee aliinua kichwa.

“Umekula?”

“Bado, baba.”

Teresia akageuka haraka kuchochea moto. Nyuma yake alisikia kitanda kikilia: Magige alikuwa akijivuta taratibu kuelekea ukutani, kumwachia mwanawe nafasi ya kuketi.