Nafasi Mbili za Kiwanda

Mtu wa Nairobi akikwambia yuko njiani, muulize kwanza kama ameshavaa viatu. Huo si uongo, watu wa mji huu watakuapia. Ni adabu tu, namna ya kumtuliza anayesubiri. Nabwire alizaliwa na kulelewa Kianda, Kibera, na adabu hiyo aliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kwa hiyo mwezi wa tatu, Bwana Muli alipompigia simu mara ya tisa kuulizia gari lake la michezo, alimjibu bila hata kuinua macho.

"Iko njiani, boss."

Gari halikuwa njiani. Gari halikuwepo kabisa.

Nabwire alikuwa karani wa mauzo katika duka la magari ya kifahari, na mambo yanavyokwenda aliyajua. Magari ya aina ile hayamwagwi sokoni kama viazi. Unaagiza, unachagua mpaka rangi ya uzi wa viti, kisha unangoja kiwanda cha ng'ambo kilipatie duka nafasi ya kukutengenezea. Nafasi hugawanywa kila mwaka: duka lililouza sana hupata nyingi, lililouza kidogo hupata makombo. Bila nafasi, hakuna hata bolti moja iliyokazwa. Duka lao lilizoea kupata nne, Muli alikuwa wa tatu kwenye orodha, na Nabwire alijipa moyo kwamba nafasi zikija, neno lake litakuwa kweli lenyewe.

Ijumaa barua ya kiwanda ikaja. Biashara ilikuwa mbaya mwaka uliopita, na duka lilipewa nafasi mbili. Muli angengoja mwaka mwingine mzima, tena kama kiwanda kingekuwa na huruma.

Nabwire aliikunja barua palepale mezani. Muli alikuwa na kampuni ya walinzi, na ilisemekana walinzi wake hawakuajiriwa kufungua mageti tu. Dereva mmoja aliyewahi kumgonga gari alihama mji. Wengine walisema hakuhama. Nabwire alizima simu, akaenda nyumbani, akafunga komeo na kuegemeza mtungi wa gesi mlangoni. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Jumamosi asubuhi alikwenda kuchota maji. Alipokuwa akirudi, Mildred, jirani yake anayekaanga mandazi, alimpungia mkono kutoka mbali.

"Sasa Nabwire! Kuna mzee amekuwa akikutafuta hapa saa hii tu. Suti safi! Anajua jina yako, anajua hata hiyo mlango yako ya bluu."

"Umemwambia nini?"

"Nimesema umeenda maji. Ameenda kuegesha gari vizuri. Kwani ni nani?"

Nabwire aliuacha mtungi wa maji pale pale miguuni pa Mildred na kurukia boda boda ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia Kawangware, kwa shangazi yake Rachael, fundi wa kushona sare za shule.

"Ulidanganyaje mtu kama huyo?" Anti Rachael aliuliza alipomaliza kusikia yote.

"Si kila mtu husema hivyo, Anti?"

"Kila mtu husema hivyo kwa fundi na kwa landlord!"

Simu ya Anti ikaita. Alikuwa Mildred, na sauti yake ilijaa furaha. "Anti, mambo! Kuna mzee anatafuta Nabwire, nikajua lazima yuko kwako, nikamwelekeza huko. Vile amevaa, nimejua ni mambo ya posa!"

Nabwire hakuweza kulia wala kucheka. Alijibanza nyuma ya sare zilizotundikwa, akauma kidole ili meno yasigongane. Gari lilisimama nje. Mlango mmoja tu ulisikika ukifungwa.

Muli aliingia peke yake. Suti ilikuwa safi kweli, ila kola ilikuwa imelowa jasho.

"Toka tu, dada," alisema. "Naona viatu zako. Sijakuja kukufanyia kitu."

Nabwire akatoka.

"Hiyo gari si yangu," Muli akasema. "Ni ya Mama Wangoi, mimi nilitumwa tu kuiagiza."

Anti Rachael, ambaye hakuwa mwoga, aliweka mkasi chini na kurudisha mlango. Jina hilo lilijulikana Kawangware, na watu hawakulitaja kwa sauti.

"Uliniambia iko njiani, nikamwambia iko njiani. Akazidi kuniuliza, nikamwambia imefika Mombasa. Juzi ametuma watu bandarini." Muli alitoa simu mfukoni. "Sasa anataka kusikia kutoka kwa mtu wa duka. Sema imekwama kwa ushuru. Tafadhali."

Hakungoja jibu. Alipiga simu, akaiweka kwenye spika, akamkabidhi Nabwire.

"Naam?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, laini, ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuipaza.

Nabwire aliitazama ile simu. Akidanganya tena, watu waliokwenda bandarini wangerudi, na safari hii wangekuja kwake. Hofu ilimzidi hata uongo ukakosa pa kushika.

"Gari haijatengenezwa, Mama. Tulipewa nafasi mbili tu, na hiyo ilikuwa ya tatu. Labda mwaka kesho."

Muli alifumba macho.

"Haijawahi kufika Mombasa?"

"Haijawahi kuwa popote, Mama."

 Mashine za jirani zilisikika zikishona.

"Asante, msichana. Sasa nipe Muli."

Nabwire alimnyooshea simu. Muli alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akatikisa kichwa na kunong'ona, "Mwambie nimetoka."

"Nimekusikia, Muli," sauti ikasema, bado kwa upole. "Nani alikwambia iko njiani?"

Upesi Anti Rachael akamziba mpwa wake mdomo kwa kiganja. Lakini hakuwa Nabwire aliyeulizwa.

Muli alitoka ukutani, akainamia simu ile mikononi mwa Nabwire, na bila kumtazama usoni akataja jina lake lote, kisha Kianda, kisha mlango wa bluu.