Picha ya Pasipoti ya Sugra Lorgat

Ijumaa saa nne na robo asubuhi Sugra Lorgat aliingia kwenye kibanda cha picha kilichoko mlangoni mwa duka kubwa la mji wetu wa Ramsclough, Uingereza, akavuta pazia, akavua miwani, akavua nikabu na kuikunja mara nne juu ya mapaja. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka kumi iliyopita alipotafuta pasipoti ya mwisho, na haikuwahi kuwa kesi. Alitazama mbele bila kutabasamu, kama maelezo yalivyotaka. Mashine ikamulika, ikasema picha ni nzuri, ikatema karatasi yenye picha nne.

Zote nne zilikuwa za nikabu. Kichwa kimekaa katikati, nyuma kweupe, kivuli hakuna, na pale palipotakiwa uso, kitambaa cheusi kuanzia paji hadi kidevuni. Hata nafasi ya macho haikuwapo.

Alirudia, picha zikatoka vilevile. Akaenda duka la dawa, ambako binti wa kaunta hupiga picha za pasipoti nyuma, karibu na dawa za kikohozi.

"Samahani mama, itabidi ukivue hicho."

"Nimeshakivua. Hiki hapa mkononi."

Binti akatazama kitambaa kilicho mkononi, kisha akatazama usoni. "Basi na hicho kingine," akasema kwa adabu.

Sababu ilijulikana kabla ya swala ya Ijumaa kwisha. Siku moja kabla, mbunge wetu, Mheshimiwa Alan Entwistle, alikuwa ameandika katika gazeti la wiki la mji kwamba anapozungumza na mwanamke aliyefunika uso anajiona anazungumza na mlango uliofungwa. Ijumaa asubuhi redio za nchi nzima zilikuwa zimeyachukua. Na kila aliyeyasikia maneno yale, awe ameyapenda au yamemchefua, tangu dakika hiyo hakuweza tena kuona nyuso za wanawake wanaovaa nikabu. Wavue, waoge, wajifute kwa taulo, yeye anaona kitambaa. Sugra mwenyewe alikuwa ameyasikia ndani ya gari la mumewe, dakika arobaini kabla ya kuingia kibandani, kwa hiyo hata kwenye kioo cha bafuni hakujiona. Akijishika, pua ilikuwepo, mashavu yalikuwepo, na lile kovu dogo la mafuta ya sambusa chini ya jicho pia lilikuwepo.

Mtaani kwetu walikuwa wanawake ishirini na watatu wa namna hiyo. Walilichukulia jambo hilo kama watu wanavyochukulia bomba likipasuka. Hanifa wa nyumba ya pembeni alishona jina lake kwenye mkono wa baibui ili watoto wake wamtambue pale lango la shule.

"Vua basi, tuko nyumbani," Ilyas, mumewe Sugra, alisema jioni ile. Anafanya kazi kiwanda cha magodoro, na redio kule haizimwi.

"Nimevua tangu mchana."

"Ah." Akala kichri yake ya wali na dengu. Baadaye akasema, "Samahani," na akaenda kuosha sahani, jambo ambalo si kawaida yake.

Wifi yake, Mehrun, hajawahi kuvaa nikabu na ulimi wake hauna breki. "Mimi naonekana vizuri kabisa," alisema, "ila hakuna anayenitazama. Tubadilishane." Kisha akamkumbatia Sugra na kulia begani kwake, maana alijua pasipoti ile ilikuwa ya nini.

Ilikuwa ya kwenda kwa Ma. Mama yake Sugra alikuwa kijijini karibu na Bharuch, India, figo zimechoka, na daktari alikuwa amemwambia Musa, mdogo wake Sugra, kwamba ni wiki sita, nane kwa majaliwa. Sugra hakuwa na haja na kitu kingine chochote duniani isipokuwa kufika pale kabla ya hizo wiki.

Ofisi ya pasipoti ilirudisha picha za kwanza na maelezo kwamba uso haujaonekana. Ikarudisha za pili. Za tatu zilirudi na kijitabu chenye michoro ya namna ya kuvua.

Jumamosi moja alikwenda maktaba, ambako Mheshimiwa Entwistle huwasikiliza wananchi kuanzia saa tatu hadi saa sita, kwenye meza iliyo kati ya vitabu vya upishi na vya bustani. Sugra alichukua namba, akasubiri nyuma ya mzee mwenye malalamiko ya mbwa wa jirani. Zamu yake ilipofika aliivua nikabu palepale mbele za watu, yeye ambaye tangu ana miaka kumi na tisa hakuwahi kumwonyesha uso mwanamume asiye wa nyumbani. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, ila hakuna aliyeyaona.

"Karibu, Bi Lorgat," mbunge alisema. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Alimmiminia chai mwenyewe. "Kabla hatujaanza, ningekuomba ukivue, kama hutajali. Nisikie vizuri."

"Nimevua, mheshimiwa. Mama yangu ni mgonjwa, na picha..."

"Naheshimu sana imani yako. Ni ombi tu, si amri."

"Mheshimiwa, nimevua. Kiko hapa mezani. Figo za mama yangu..."

Mbunge aliinamisha kichwa, akakunja uso kama mtu anayesikiliza kupitia ukuta. "Unaona?" alimwambia msaidizi wake kwa upole. "Ndicho ninachosema. Sipati kitu." Msaidizi akaandika kwenye daftari kwamba Bi Lorgat ameombwa mara mbili na amekataa mara mbili.

Alikuwepo pia msaidizi mwingine, mwanamke, aliyemfuata Sugra mpaka mlangoni. Alimwambia kuna njia moja: picha yenye utata husainiwa nyuma na mtu mwenye hadhi, anayethibitisha kwamba sura hiyo ni ya mwombaji kweli. Mbunge anafaa. Akarudi ndani kumuuliza. Akatoka na jibu kwamba Mheshimiwa, kwa dhamiri yake, hawezi kusaini sura ambayo hajaiona.

Alhamisi iliyofuata gazeti likaandika kuhusu mwanamke aliyekataa. Hapo ndipo mjadala uliposhika moto hasa. Waziri mmoja alisema mbunge amesema kweli. Mwingine alisema amekosea wakati, si neno. Vijana wakawa wanapita wakigonga hewani mbele ya wanawake sokoni na kuuliza "Hodi, kuna mtu?" Mtaani kwetu walikuja watu wema pia, na mabango, kututetea. Kiongozi wao alimshika Sugra mikono yote miwili, akamwambia kwa machozi kwamba ana haki ya kuvaa anachotaka. Sugra alikuwa uso mtupu wakati huo, ametoka kukaanga vitunguu. Maulana wa msikiti alitoa tamko refu. Yeye maneno ya mbunge hayakumbadilishia kitu, maana mbele ya wanawake hutazama zulia tangu zamani.

Maneno yalivyozidi kuenea, ndivyo waliobaki kumwona Sugra walivyozidi kupungua, mpaka akabaki mmoja.

Kila alasiri alipiga simu ya picha Bharuch, na kule ikiwa usiku umeingia Musa alimshikia Ma simu karibu na mto wa kulalia. Ma hana televisheni. Gazeti hasomi.

"Umekonda," Ma alisema. "Huyo mume hakulishi?"

"Ananilisha, Ma. Unaniona vizuri?"

"Mimi naumwa figo, si macho."

"Niambie basi nikoje."

Ma akacheka mpaka akakohoa. "Una pua ya baba yako, maskini. Na hapo chini ya jicho umeungua tena, nimekwambia mara ngapi usimame mbali na karai? Na umelia leo asubuhi. Umelilia nini?"

Sugra alisema vitunguu. Alipokata simu alikaa kwenye ngazi na kulia kwa raha, kwa kuwa alikuwa ameonwa.

Kisha akampigia Musa peke yake. "Musa, nakuomba, na Mungu akuone. Ma asisikie ile habari. Mpaka nifike."

"Dada, hapa kila mtu ana jamaa Uingereza. Video imeshafika kwenye simu za wauza mboga."

"Mfungie mlango."

Musa alifanya alivyoweza. Aliizima redio ya kibanda cha chai cha jirani kwa kuzinunua betri zake. Watoto aliwanyang'anya simu kabla hawajaingia kumsalimu bibi yao, na kwa wageni alisema Ma amelala. Ilikwenda hivyo siku kumi na sita. Picha za sita na za saba za Sugra zilirudi katika siku hizo.

Siku ya kumi na saba Musa alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Alikuja Rashida-ben wa nyumba ya pili, mama mwenye huruma hasa, na bakuli la supu. Alikaa kitandani kwa Ma, akamlisha vijiko vitatu, akasema imemuuma sana. Wazungu wamewatukana mabinti zetu! Eti mlango uliofungwa! Sugra wetu, mtoto mpole vile!

Ma alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika tangu augue. Alimtetea binti yake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akasema aletewe huyo mbunge amfundishe adabu. Rashida-ben alirudi nyumbani akisifu nguvu ambazo supu yake ilimpa Ma.

Alasiri ya Ramsclough, Sugra akapiga.

"Nani huyo?" Ma aliuliza.

"Mimi, Ma."

"Sugra? Mbona umejifunika? Hapa hakuna mwanamume, ni Musa tu. Vua mwanangu."

Sugra alijipapasa mashavu. Alisikia Musa akisema kwa sauti ndogo, "Dada, nisamehe."

"Vua, nikuone."

"Ninavua, Ma."

"Bado."

"Ndiyo hivi ninavua."

"Mimi ni mama yako," Ma alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Na mimi unanifunikia?"

Iliendelea hivyo siku tisa. Sugra alijaribu mchana, alijaribu chini ya taa, alijaribu kuimba nyimbo za kijijini ili Ma amjue kwa sauti. Ma alimjua kwa sauti. Alimwomba tu kila siku avue, na kila siku Sugra alisema nimevua, mpaka siku mbili za mwisho Ma hakuomba tena na akawa anageukia ukutani. Alifariki Jumanne alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Mheshimiwa Entwistle alisikia habari kwa yule msaidizi wa kike. Ilimgusa, alileta mwenyewe kadi na maua meupe, akasimama sebuleni bila koti. Alisema ametafakari. Amekutana na Bi Lorgat ana kwa ana mara mbili sasa, kwa hiyo dhamiri yake inaruhusu. Akaomba picha, akaigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu yake ya wino kwamba anathibitisha hii ni sura halisi ya Bi Sugra Lorgat. Akasaini. Mehrun, aliyekuwa jikoni na wageni wa msiba, alitamka neno ambalo halifai nyumba yenye matanga.

Pasipoti ilikuja kwa posta siku ya nane. Ofisi ilieleza kwamba baada ya uthibitisho wa mbunge, na kwa kuwa picha zote kumi zilifanana, haikuona tena sababu ya kukataa. Mjadala ulikuwa ungali ukiendelea. Kituo kimoja cha televisheni kilimpigia Sugra kumwalika azungumze upande wa wanawake, akasema atakuwa safarini.

Kwenye uwanja wa ndege wa Manchester alikuwa amevua nikabu na kuiweka kwenye mkoba, kwa kuwa kuivaa na kutoivaa vilishakuwa kitu kimoja. Mfanyakazi wa shirika la ndege pale kaunta, mwanamke wa makamo, alifungua pasipoti, akatazama picha, akamtazama Sugra usoni, akarudi kwenye picha. Hakuwa na haraka. Alifanya kazi yake vizuri.

"Ni wewe kabisa," alisema. "Unakwenda kumwona nani?"

"Mama yangu."

"Oo, vizuri. Atafurahi sana kukuona."

Sugra akasema asante, akachukua pasipoti yake, akaenda kupanga foleni ya ukaguzi.