Vilima Visivyo na Kitu

Kama unamtafuta bingwa wa wanyama katika nchi hii, usihangaike na ofisi za Mbeya. Bingwa alikuwa baba mkwe wangu. Mwaka wa hamsini na tano, akiwa jumbe wetu, aliiambia Serikali kwamba vilima vya Itumbwa havina mnyama hata mmoja, na alisema hivyo huku nyani wanamwangalia.

Jina lake sitalitaja. Mimi ni Tekla, mke wa mwanawe Jailos, na kwetu Wanyakyusa mke hataji jina la baba mkwe, hamtazami, hasemi naye, wala hakai naye chini ya paa moja. Mkikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia vichakani, hata kama ana mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Timotheo, mwalimu wa kanisa, alishahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, halafu mke wa mwanawe naye akawa anajificha kwenye migomba kama sisi. Lakini Mzee nampa haki yake, alikuwa muungwana. Kila alipokaribia kona alikohoa mara mbili, ili wake wa wanawe wapate nafasi ya kupisha. Wageni walidhani anaumwa kifua. Mimi kwa miaka sita ya ndoa nilikijua kikohozi chake tu, maana uso wake nilikuwa sijauona.

Sasa vilima vyenyewe. Usifikirie Rungwe. Itumbwa ni vilima saba vya mawe ya chokaa, vidogo, vyeupe. Ukianza kuvizunguka asubuhi, chakula cha mchana unakula kwako. Mawe yake yametobokatoboka, kwa hiyo mvua ikinyesha huko juu huoni mto ukishuka. Maji yote yanazama, yanapotelea ndani, yanakuja kutokea chini kwenye mwamba ulio juu ya shamba langu. Na ni maji yenye vituko. Ukisahau kikombe pale masika moja, unakikuta kimevaa koti la jiwe. Majani ya mkuyu yakianguka kwenye mfereji yanageuka mawe pamoja na mishipa yao yote. Sufuria zangu zilikuwa nzito kuliko za wanawake wote wa tarafa, na mikono yangu inalijua hilo mpaka leo. Lakini maji yale hayakukauka hata Oktoba. Bonde zima likila vumbi, mimi nilikuwa na maharage, magimbi na migomba. Mashamba mengine yote yalikuwa ya wanaume. Lile lilikuwa langu, na bila chemchemi ile lisingekuwa shamba, lingekuwa kokoto.

Na hivyo vilima visivyo na kitu vilikuwa na vitu hivi. Pimbi, waliokuwa wanaota jua kwenye mawe toka asubuhi bila aibu ya kukosa kazi. Mbuzi mawe, wanaosimama kwa ncha za kwato mahali ambapo wewe usingeweka hata kidole. Nungunungu walionivunia viazi kabla sijavivuna mwenyewe. Kozi wawili, wale ndege wawindaji, kwenye jabali la kilima cha tatu, na nyani, ambao idadi yao sitaki kuikumbuka. Halafu popo wa pango kubwa, wengi mpaka wakitoka jioni kilima kinakuwa kama kinafuka moshi. Tuliwatumia kama saa. Popo wakitoka, ndipo tulipotia sufuria ya ugali motoni.

Mwezi wa Juni ikaja barua kwamba Serikali inamtuma Bwana mmoja kuja kuhesabu wanyama wa Itumbwa. Wazee wakaingiwa na baridi. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wamehesabiwa miti yao, tena walimpikia mhesabuji na kuku juu, na mwaka uliofuata wakaambiwa msitu ni wa Serikali na anayeokota kuni humo anafungwa. Wazee wakakaa kikao siku nzima na wakatoka na akili yao yote imekusanyika mahali pamoja: tukisema hakuna kitu, hakuna kitakachochukuliwa. Ilikuwa hila nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyemwuliza Bwana anahesabu kwa ajili gani.

Ndipo ikaanza vita ya wiki moja. Wanaume walipanda vilimani na mbwa na madebe, wakapiga kelele mpaka wakakauka sauti. Mbuzi mawe walihamia kilima cha pili. Walipofukuzwa cha pili wakarudi cha kwanza. Pimbi waliingia kwenye mashimo yao wakasubiri watu wachoke, na watu wakachoka. Nyani peke yao ndio waliotii amri. Walishuka wote kwa pamoja wakaingia kwenye mahindi ya Timotheo. Na asubuhi ya siku yenyewe mdomo wa pango ungezibwa kwa miiba, ili popo nao wawe hawapo.

Karani wa yule Bwana alitangulia siku moja. Aliitwa Muhidini, mtu wa Mbeya mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na hakuacha mtu asahau hilo hata kwa dakika tano. Kiswahili chetu kilimwuma kama jino. Alilala kwa Timotheo, nami nikapewa kazi ya kumpikia. Alimchinja kuku mwenyewe, ili awe halali, kisha akakaa ugani kwa Timotheo akila na kusifu, na mtu aliyeshiba husema mengi.

"Dada Tekla," akaniambia, "mchele huu wa Madibira? Umeupika vizuri. Bahati mbaya mwakani sijui utapikia maji gani."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Hamjaambiwa? Iko kampuni inataka mawe haya. Watavipiga baruti vilima vyote saba na kuvichoma viwe chokaa. Bwana wangu ametumwa aangalie kama kuna kitu cha kuzuia. Yeye mwenyewe anaomba Mungu kiwepo, maana anapenda popo kuliko mkewe. Akiwapata, atawagomea wakubwa wake. Asipopata kitu, anatia sahihi tu, na baruti inakuja baada ya mavuno." Akajiramba kidole. "Hiyo pilipili ipo?"

Nilimpa pilipili.

Jailos alikuwa Iringa na lori la tajiri wake, asingerudi mpaka Ijumaa. Kumwendea Mzee mwenyewe nisingeweza. Nikamkimbilia mama mkwe, nikamweleza neno kwa neno, naye akaenda kumwambia mumewe huku mimi nimesimama nyuma ya ukuta wa jiko.

"Huyo karani anataka kuku wa pili," nikamsikia Mzee akisema. "Mwambie mkweo apike, asituletee habari za mjini."

Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyopokea habari.

Kesho yake Bwana akafika. Alikuwa mrefu, mwenye magoti mekundu na miwani, na daftari alilolishika kama Timotheo anavyoshika Biblia. Wanaume wote walikaa uwanjani kwa Mzee. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya migomba, tunasikia kila kitu, kama ilivyo desturi ya watu wasiohusika.

Bwana akauliza kwa Kiingereza, Muhidini akageuza kwa Kiswahili. "Anauliza, pimbi wapo?"

"Hawapo," akasema Mzee.

"Mbuzi mawe?"

"Tunawasikia tu kwa watu wanaosafiri."

"Nyani?"

Mahindi ya Timotheo yalikuwa bado yanatikisika. "Walikuwepo zamani za babu yangu," akasema Mzee. "Walikufa kwa ndui."

"Popo?"

Mzee akawageukia wenzake. "Popo ndiyo nini?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu waliotamani sana kumjua popo lakini hawakujaliwa. Timotheo akaongeza kwamba, kwa maoni yake, Mungu alivifanya vilima hivi Jumamosi jioni akiwa na haraka ya kupumzika. Papo hapo pimbi mmoja huko juu akapiga ukelele wake, ule unaoanza kama mlango mbovu na kuishia kama mtu anayenyongwa. Bwana akainua kichwa.

"Mtoto wa jirani," akasema Mzee. "Anaumwa tumbo."

Bwana akavua miwani akaifuta. Sitasahau alivyoonekana, alikuwa mtu aliyesafiri siku mbili kwenda harusini akakuta imeahirishwa. Akatoa karatasi kwenye daftari, akailaza juu ya goti, akafungua kalamu. Mzee wangu akatabasamu. Hilo niliambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa naangalia kalamu tu.

Niliogopa, sitaki kujisifu. Nilijua mke anayemtokea baba mkwe anarudishwa kwao, na watoto wanabaki. Lakini niliyaona yale maharage yangu, nikaona na mwamba umepasuliwa na maji yamepotea ndani kwa ndani yasijue pa kutokea, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Wanaume kumi na wanane wako pale wanauza chemchemi yangu kwa kusema hakuna. Nikatoka migombani.

Nikavuka uwanja. Wazee walifunika nyuso kwa mashuka, mmoja akaanguka kwenye kigoda. Nikasimama mbele ya baba mkwe wangu nikamtazama usoni. Alikuwa mzee mdogo mdogo, mwenye macho kama ya Jailos, na macho yale yalikuwa yamejaa woga. Sikutegemea hivyo. Nilidhani nitakuta simba.

"Baba," nikasema, "huyu akitia sahihi, vilima vinapigwa baruti. Wanyama wapo. Nawaonyesha."

Alijifunika uso kwa mikono yake miwili.

Nikamwambia Muhidini amlete Bwana wake, nikatangulia njia ya pango. Hakuna mwanaume aliyenizuia, kwa sababu kunizuia kungewalazimu kunigusa. Miiba niliiondoa kwa mikono, nikachanika mpaka viwiko. Jua lilikuwa linazama. Tulikaa kidogo tu, halafu pango likapumua. Popo walitoka kama nilivyowazoea tangu nilipoolewa, wakapanda, wakapinda kwenye kilima cha tatu, na kozi wakaingia katikati yao kuchukua chakula chao. Mmoja alitua kwenye kofia ya Muhidini, na Kiswahili cha pwani kikapotea chote, akabaki anapiga yowe kama sisi watu wa bara. Bwana alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Aliandika mpaka akawa haoni karatasi. Njiani kurudi pimbi walitupigia kelele, mbuzi mawe wawili wakasimama juu ya jiwe wakatutazama, na nyani wakatoka mahindini wamebeba magunzi.

Ijumaa Jailos alirudi. Jumamosi nilirudishwa kwetu Uyole.

Nilikaa miezi minne. Baba yangu alipeleka ng'ombe wa kumtakasa Mzee kwa kuwa nilimtazama, Jailos akaja mara tatu kwa miguu na watoto, na hatimaye nikaruhusiwa kurudi. Nikakuta mambo yamekuwa mazuri kupita kiasi. Barua ya Serikali ilikuwa imefika: vilima visiguswe, baruti isiingie, wenyeji waendelee kuchota maji na kulisha mbuzi. Kampuni ilikwenda kutafuta mawe kwingine. Na aliyeteuliwa kuwatunza wanyama wa Itumbwa, na kupeleka hesabu yao kila mwaka, unamjua. Alipewa beji ya shaba. Alikuwa anaivaa kanisani, na kila mgeni alielezwa jinsi alivyowapigania popo.

Hilo nililivumilia. Kitu kimoja sikukiweza. Siku ya tatu nilikuwa nashuka chemchemini, na ghafla kwenye kona Mzee huyo hapo mbele yangu. Nikarukia vichakani, maji yakamwagika. Akapita kimya. Kesho yake tena kimya. Wake wa shemeji zangu alikuwa anawakoholea kama kawaida. Kwangu mimi kikohozi kilikuwa kimefutwa, maana mke wa mwanao aliyekwisha kukutazama, unamkoholea kwa nini? Si mkwe tena, ni mtu tu anayepita. Ng'ombe wa baba yangu alikuwa ameliwa bure. Nililia njiani kama msichana, mimi mama wa watoto watatu, kwa ajili ya kikohozi.

Ikaja Desemba, na karatasi ya hesabu ikawa inadaiwa. Siku hiyo nilikuwa shambani, nimeinama kwenye magimbi, nikaona miguu yake imesimama upande wa pili wa migomba. Nikajificha. Hakuondoka.

"Wewe mgomba," akasema.

Mkwe hasemi nami, wala mimi sisemi naye. Lakini mgomba hauna mwiko na mtu.

"Mgomba, mimi nina beji, ila sijui popo wanahesabiwaje. Wewe unakaa hapa kila jioni." Nikasikia akikunjua karatasi. "Niliogopa watatuchukulia. Sikujua kwamba mwenye kutoa ni mimi, kwa mdomo wangu."

Nikaitazama ndoo yangu.

"Wewe ndoo," nikasema, "mwambie anayeuliza kwamba hawahesabiki. Aandike wapo."

Nikasikia penseli. Aliandika polepole, herufi moja moja, kisha miguu ikageuka ikaondoka. Alifika kwenye kona, mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote isipokuwa mimi nyuma yake, nimeshajificha tayari. Akasimama pale, akakohoa mara mbili, akaenda zake.